Kumimina resini kwa miche ya kalamu: maswali ya wanaoanza

Nakereza kalamu Dar es Salaam, nyingi za mpingo, na vipande vya mbao huwa naviokota kwa wachongaji wa vinyago pale Mwenge. Mtu akiishika kalamu yenye mpingo upande mmoja na bluu ya bahari upande wa pili, huuliza bei kwanza, kisha huuliza nimeimiminaje. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Ya usalama nimeyatanguliza makusudi, kwa sababu watu huyauliza mwisho, ngozi ikishaanza kuwasha.

Huo mche wa kalamu ni nini?

Fikiria mche wa sabuni, ila mwembamba: sentimita 2 kwa 2, urefu kama 13. Unatobolewa katikati, unagundishwa mrija wa shaba ya njano ndani, unafungwa kwenye mashine ya kukereza, unatoka kalamu. Mche waweza kuwa wa mbao tupu, wa resini tupu (maji mazito ya kemikali yanayoganda kuwa kama plastiki ngumu), au wa mbao iliyozamishwa kwenye resini. Huo wa tatu ndio unaowavuta watu, kwa sababu kipande kilichopasuka au kuliwa na wadudu, ambacho mchongaji angekitupa jikoni, ndicho kinachopendeza zaidi.

Nianze na resini ipi?

Epoksi inayoganda polepole. Ziko aina tatu utakazokutana nazo. Epoksi ina sehemu mbili, resini na hadena (kigandishaji chake), na ile ya polepole huchukua siku moja hadi tatu kukauka. Poliesta ndiyo ya mafundi wa faibaglasi. Ya tatu ni poliyurethani, ambayo wakereza wa Marekani wanaipenda sana kwa kuwa inaganda ndani ya dakika chache na inakerezeka vizuri.

Hiyo ya mwisho naishauri ukae nayo mbali mwaka wako wa kwanza. Sehemu yake moja ina isosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na haina harufu ya kukuonya mapema. Pia inachukia unyevu. Ikigusa mbao mbichi au hewa yetu ya pwani hutoa gesi na kuumuka kama andazi. Na bila tangi la presha itakuachia viputo tele. Epoksi ya polepole inakupa muda wa kukosea na kurekebisha, nawe kwa sasa unahitaji muda kuliko kitu kingine.

Mtaani kwetu kuna fundi wa faibaglasi. Siwezi kuchukua resini kwake?

Unaweza, na ni rahisi zaidi, lakini ujue unachobeba.

Poliesta ina staireni, ile harufu kali inayokukaribisha kwenye karakana ya boti au ya matangi ya maji. Mvuke wa staireni unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 31 hivi. Soma tena namba hiyo, kisha kumbuka mchana wa Februari Dar, Tanga au Mombasa. Maana yake ni kwamba jiko la mkaa la jirani, sigara, au fundi wa kuchomelea upande wa pili wa ukuta vinatosha kuwasha moto. Ile mbinu ya kupitisha moto wa gesi juu ya resini ili kutoa viputo ni ya epoksi peke yake. Usiijaribu kwenye poliesta.

Hadena ya poliesta ni peroksaidi, maji maji yanayounguza. Tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Likiingia, suuza kwa maji yanayotiririka papo hapo, dakika 15 au zaidi, macho yakiwa wazi, kisha hospitali. Usitangulie hospitali kabla ya maji.

Jambo la kuuliza kabla hujalipa: je, resini hii imeshawekwa kobalti? Resini nyingine huuzwa ikiwa na sehemu tatu, yaani resini, kobalti ya kuharakisha, na hadena. Kobalti na hadena zikikutana zenyewe kwa zenyewe hulipuka. Kobalti inaingia kwenye resini kwanza, inakorogwa hadi iishe kabisa kuonekana, ndipo hadena inafuata. Chupa zake zisikae rafu moja, na kijiti cha kukorogea kobalti kisiguse hadena. Kama muuzaji hajui kukujibu, usinunue.

Kipimo cha hadena ni kidogo, kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini. Kwa gramu 200 za resini ni gramu 2 hadi 4. Kwa kitu kinene kama mche, na kwa joto letu, kaa upande wa 1.

Chupa niliyouziwa ni ya soda, haina lebo. Kuna shida?

Kuna shida mbili. Hujui ndani kuna nini, na mtoto nyumbani anajua chupa ya soda ni ya kunywa. Dai kuona kopo la asili, upige picha lebo yake. Hata kama lebo ni ya lugha usiyoielewa, tafuta alama zinazoanza na H. H317 maana yake inaweza kuleta mzio wa ngozi. H334 maana yake ukiivuta inaweza kukuletea pumu au shida ya kupumua. Ukiona H334, rudi kwenye swali la pili juu ya poliyurethani.

Epoksi yangu haina harufu. Barakoa ya nini?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Watu wengi tunapima hatari kwa pua. Kikinuka, ni sumu, na kisiponuka ni salama. Epoksi hainuki sana, kwa hiyo mtu anaikoroga mezani huku anakunywa chai. Madhara yake hayaji siku hiyo. Mwili unaihesabu kimyakimya, kumimina kwa kwanza, kwa kumi, kwa thelathini, halafu siku moja unakataa. Baada ya hapo hata tone dogo linakuwasha, na mzio huo kwa kawaida haupoi tena maishani. Nawafahamu mafundi waliolazimika kuacha kazi hii kabisa wakiwa na vifaa vyote ndani.

Mimi nilionywa mapema. Nilifanya kazi miezi kadhaa nikivaa glovu fupi, na vifundo vya mikono, pale glovu inapoishia, vikatoka vipele vidogo vya maji. Nilidhani ni joto. Siku hizi glovu zangu zinapita juu ya mkono wa shati, na vipele havijarudi.

Kuhusu barakoa yenyewe: ile ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii mvuke. Hata N95 ni ya vumbi tu. Unahitaji ile ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Za mfumo wa Ulaya zina mstari wa kahawia na herufi A. Ndevu zikiwepo, barakoa haishiki vizuri usoni, na hewa inapita pembeni. Vichujio vihifadhi kwenye kopo lililofungwa, maana ukiviacha mezani vinaendelea kunyonya hewa hadi vinachoka bila wewe kuvivaa.

Glovu zipi?

Za nitraili, zile za bluu au nyeusi. Za mpira mweupe zinapenyeza. Ikichafuka, vua, tupa, vaa nyingine. Usiifute na kuendelea nayo.

Na resini ikikugusa ngozi, usinawe kwa tina wala asetoni. Najua ndivyo tunavyofanya kwa rangi. Tina inayeyusha resini na kuipeleka ndani zaidi ya ngozi, kisha inakausha mafuta yanayokukinga. Futa kwanza kwa karatasi kavu, halafu maji na sabuni nyingi.

Kikombe changu kilitoa moshi! Nilikosea wapi?

Ulichanganya nyingi kwenye chombo chembamba. Resini ikianza kuganda hutoa joto, joto hilo huharakisha kuganda, kuganda huzidisha joto. Ikiwa imetandazwa, joto linatoka. Ikiwa imejazana kikombeni, halina pa kwenda.

Mimi nilichanganya gramu 400 saa saba mchana, nikaitikia simu. Niliporudi kikombe cha plastiki kilikuwa kimelala upande kama mshumaa, na moshi mweupe ukitoka. Ikikutokea, kitoe nje ukivaa glovu nene, kiweke juu ya mchanga, ukae upande unaotokea upepo. Usikiinamie. Usikitupe kwenye pipa la taka lenye karatasi.

Kanuni ya jumla: kila joto likipanda nyuzi 10, muda wa kufanya kazi unapungua karibu nusu. Maelezo ya kopo yakisema dakika 40, huwa wamepima kwenye nyuzi 20 na kitu. Kwetu hesabu dakika 20. Mimi namimina alfajiri, na makopo yenyewe nayakalisha usiku kucha sehemu yenye ubaridi. Changanya kidogo kidogo, na ukishachanganya mimina mara moja.

Nahitaji resini kiasi gani, na napimaje?

Mche mmoja wa sentimita 2 × 2 × 13 ni mililita 52. Epoksi ina uzito wa gramu 1.1 hivi kwa mililita, kwa hiyo ni kama gramu 57, toa nafasi itakayochukuliwa na mbao. Kalibu (chombo cha kumiminia) ya miche minne bila mbao inataka karibu gramu 230.

Tumia mizani ya dijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Hapa ndipo wengi wanateleza: kopo likisema 2 kwa 1 *kwa ujazo*, hiyo si 2 kwa 1 kwa uzito, kwa sababu hadena ni nyepesi kuliko resini. Tafuta kwenye lebo uwiano wa uzito. Usipoukuta, pima kwa vikombe vyenye mistari.

Kuongeza hadena ili ikauke haraka ni mazoea ya poliesta. Kwenye epoksi hadena inayozidi haina wa kuungana naye, inabaki mbichi milele.

Koroga taratibu dakika tatu hadi tano ukikwangua pembeni na chini, kisha hamishia kikombe kingine safi ukoroge tena. Hicho kikombe cha pili wengi hukiona upuuzi, lakini ndicho kinachokuepusha na mabaka yanayonata.

Kalibu nitoe wapi?

Za silikoni zipo, ila si lazima. Resini haishiki kwenye plastiki za namba 2 na 5, zile namba zilizo ndani ya pembetatu chini ya chombo. Ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama ukikatwa na kufungwa kwa skrubu unatoa kalibu nzuri ya kudumu. Namba 6 achana nayo, hasa kwa poliesta, itayeyuka mbele ya macho yako.

Mbao zipi zinafaa?

Kavu. Jina linakuja baadaye. Mbao yenye maji itatoa viputo na kuachana na resini baada ya wiki mbili, kalamu ikiwa tayari mfukoni mwa mteja. Pima kipande, kianike au kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 na kidogo, pima tena. Kikiacha kupungua uzito, kimekauka. Oveni hiyo isiwe ya chakula kama mbao imeshawahi kuguswa na kemikali.

Mpingo una mafuta, kwa hiyo uparuze kwa msasa na uufute kwa spiriti muda mfupi kabla ya kumimina. Una faida moja, ni mzito, unazama wenyewe. Mwembe na mnazi huelea, inabidi uvigundishe chini ya kalibu kwa tone la gundi. Vumbi la mpingo nalo huwasha ngozi na mapafu ya watu wengi, resini iwepo isiwepo.

Naweza kutia rangi ya maji?

Hapana kwa poliyurethani, na kwa epoksi ni kubahatisha. Tumia unga mkavu wa maika, yale madini yanayometameta. Kidogo tu, kwani ukizidisha unapata tope.

Viputo! Ni lazima ninunue tangi la presha?

Kwa epoksi ya polepole, si lazima. Koroga bila kupiga, acha itulie dakika chache, mimina uzi mwembamba kutoka juu kwenye kona moja, kisha pitisha moto wa gesi haraka juu yake (epoksi tu, nimeshasema). Viputo vichache vitakavyobaki vinazibwa kwa supagluu wakati wa kukereza.

Tangi la presha halitoi viputo, linavibana hadi visionekane. Kwenye psi 40 (paundi 40 kwa kila inchi ya mraba) kiputo hubaki na takriban robo ya ujazo wake, na resini ikiganda kikiwa hivyo kinabaki hivyo.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 30, kwa psi 40, unasukumwa kwa nguvu inayokaribia tani 2. Ni kama Land Cruiser imeegeshwa juu yake, ila inasukuma kutokea ndani. Komeo moja likiachia, mfuniko huo utatafuta paa au uso wako.

Kwa hiyo: tangi liwe lile lililotengenezwa kwa presha, kama la kupulizia rangi, lenye maandishi ya kiwango chake cha juu. Kaa chini ya kiwango hicho kwa nafasi ya kutosha. Liwe na vali ya usalama inayofanya kazi, na ijaribu kila mara. Kaza makomeo yote kwa kupishanisha, kama nati za gurudumu. Usiguse komeo hata moja kabla geji haijarudi sifuri na hewa kuacha kutoka. Ukiona kutu, mkunjo au ufa, limeshakuwa pipa la mchele.

Nina sufuria ya presha ya kupikia maharage, haiwezi?

Haiwezi. Imetengenezwa kwa psi 15 hivi. Mtungi wa gesi uliokatwa na kuchomelewa nao hauwezi, hata kama fundi ni shemeji yako.

Siku tatu zimepita, bado inanata. Nifanyeje?

Gusa kwa ukucha. Kama ni utando wa juu tu, unaoteleza kama mafuta, huo ni unyevu wa hewa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, piga msasa wa maji. Kama ukucha unazama, vipimo vilikosewa au hukukoroga vya kutosha. Hakuna dawa, mche huo ni hasara. Usiukereze ukitumaini utakauka, kwani vumbi la resini mbichi ndilo linaloleta mzio haraka kuliko kitu chochote.

Kutoboa na kukereza kuna hatari gani?

Toboa kwa biti ya milimita 7 kwa mrija wa kalamu za kawaida nyembamba, spidi ndogo, ukiitoa biti kila baada ya sentimita moja ili ipoe. Joto ndilo linalopasua mche, hasa wa poliesta. Kabla ya kugundisha mrija, uparuze kwa msasa, na kama resini inapenyeza mwanga, paka rangi ndani ya tundu, la sivyo shaba itaonekana.

Supagluu na pamba ni maadui. Ikimwagikia kanga, fulana au glovu za pamba, inapata moto ghafla na kuunguza ngozi. Tumia karatasi laini.

Kwenye mashine vaa ngao ya uso, sio miwani peke yake. Mche unaweza kupasuka na vipande kuruka. Patasi iwe kali. Mikono mirefu, vishikizo, nywele na shanga visiwe karibu. Wakati wa msasa tumia maji, vumbi linakuwa tope na halipandi puani.

Nimepanga chumba kimoja. Nifanyie wapi?

Nje, chini ya kivuli, mbali na jiko na madirisha ya majirani. Mahali unapolala usimimine, na wala usiache miche ikaukie hapo usiku. Watoto na mama mjamzito wasikae karibu. Kama huna uwanja, zungumza na seremala akukodishe kona siku moja kwa wiki. Mafundi wengi hukubali, na mashine ya kutobolea utaikuta hapo hapo.

Mabaki nayatupa wapi?

Resini mbichi isiende kwenye sinki wala mtaroni. Changanya mabaki na hadena yake kidogo kidogo, yagande, kisha yaende na taka ngumu. Yakishaganda usiyachome pamoja na majani ya uani. Moshi wake ni mbaya na utarudi kwako. Vitambaa vyenye asetoni vitandaze nje vikauke kabla ya kuvitupa.

Mteja yuko Ulaya anataka kalamu za mpingo. Kuna vibali?

Jamii ya mpingo iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, mwanzoni mwa mwaka 2017. Bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja ziliachiliwa baadaye, na kalamu ishirini hazifiki hata kilo moja. Hata hivyo hiyo ni CITES tu. Utaratibu wa ndani ni mwingine, kwa hiyo pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwanza ukiwa na risiti ya mbao. Hata ukiokota masalia, mwombe mchongaji akuandikie mahali alipoyapata. Miche mitupu, ambayo haijawa kalamu, haihesabiwi kuwa bidhaa iliyokamilika.